Robo ya Pili na ya Tatu

Kulia, baba alinifunza, ni kulia kwake aliyeibeba ngao,
si kwako wewe uliyesimama mbele ukiikodolea.
Mume hukaa kulia, mke kushoto,
nusu kwa nusu.
Dhahabu haipakwi juu ya fedha
wala nyekundu juu ya buluu.
Yaliyobaki, alisema, ni subira na brashi ya manyoya ya kindi.

Mwezi wa tatu Bwana Digory Penhallick
alileta gari lake la farasi karakanani kwetu, Bodmin,
matope ya Lanivet yamegandia magurudumu.
Ameoa. Alitaka mlangoni
kunguru wake watatu weusi juu ya fedha,
na ubavuni mwao mganda wa ngano wa kina Tresawna,
dhahabu kwenye uwanja wa kijani.
"Na wanangu, wataurithi huo mganda?"
Baba akatikisa kichwa. Bi Loveday ana kaka.
Mwenye kaka huja na nusu yake, hufa nayo.
Bwana Digory akasonya, akalipa arubuni.

Kunguru nilipaka siku tatu.
Mganda siku mbili, suke kwa suke.
Vanishi haijakauka, barua ikaja:
Jory Tresawna, miaka ishirini na mmoja.
Farasi alikataa kuruka ukuta wa mawe.
Yeye hakukataa.

"Futa," akasema Bwana Digory,
utepe mweusi mkononi
na uso wa mtu aliyeokota sarafu njiani
asijue aufiche wapi.
Sasa mkewe ni mrithi, na kanuni ni nyingine:
ngao yote ya kunguru,
na ya mke, ndogo, juu ya moyo wa ile kubwa.
Akizaa, mtoto ataigawa robo nne:
ya kwanza na ya nne kunguru,
ya pili na ya tatu mganda.
Mjukuu akioa mwingine asiye na kaka,
robo nyingine, na nyingine.
Kanisani nimeona ngao yenye vyumba ishirini,
watu wakivihesabu kwa kidole, wakisifu ukoo.
Mimi huhesabu wavulana.
Kila chumba kile ni nyumba iliyofungwa mlango
funguo zikapelekwa kwa jirani.

Bi Loveday alikuja peke yake, Alhamisi,
baba amelazwa na kifua chake.
Akatazama, akatazama.
"Ina upana gani, hiyo ya katikati?"
"Kiganja, Bi. Kasoro kidogo."
"Jory alikuwa akiinama kupita mlango wa jikoni."

Nikamwambia, sijui kwa nini,
kwamba kabla ya kuolewa angepewa umbo la uru,
kama la karata,
maana mwanamke haendi vitani, ngao ya nini?
Akacheka mara moja, pasipo sauti.
Kisha akaweka kidole gumba juu ya mganda mbichi,
akakibonyeza
kama mtu anayefunga barua kwa lakiri.

Brashi ilikuwa mkononi. Dhahabu ilikuwa kombeni.
Ile mistari ya kidole ningeiziba kwa pumzi mbili.
Nikapaka vanishi juu yake.

Bwana Digory hakuona kitu. Alihesabu kunguru wake,
akahesabu mganda wake, akalipa.

Baba alikufa kabla ya nyasi kukatwa.
Aliniachia brashi kumi na moja, jiwe la kusagia rangi,
na deni kwa muuza risasi nyeupe.
Hakuzaa mwana. Mrithi basi ni mimi, kwa kanuni ileile,
ila kwetu hapakuwa na ngao ya kuwekewa ndogo.

Juzi gari lile lilirudi, ekseli imepinda.
Aliteremka mtoto wa miaka saba, mrefu kupita umri wake,
akasimama mlangoni pa gari nikikagua magurudumu,
kidole chake kimezama pale katikati.
"Hapa pana shimo," akaniambia.
"Najua," nikasema,
nikaendelea kutafuta nyundo.